Misuko ya Mukarukundo

Mwalimu mkuu alimrudisha Mariette nyumbani siku ya Jumanne, saa tatu ya asubuhi, na kikaratasi mkononi. Kilikuwa na mistari miwili ya Kiingereza, lakini sikuhitaji mtu wa kunisomea. Katika shule za msingi za hapa Uganda watoto wote wananyoa kichwa, wasichana kwa wavulana. Mariette walimvumilia muhula mzima kwa sababu alikuwa mgeni. Sasa chawa walikuwa wameonekana, na mama za watoto wengine walikuwa wameanza kusema. Jumatatu arudi amenyolewa, ama asirudi.

Alikaa juu ya jiwe letu la kufulia, akaweka mikono miwili kichwani, namna mtu anavyoshikilia kapu upepo ukipita.

"Hakuna mutu atanigusa," akasema. "Mama aliniambia atakuya kunifumua yeye mwenyewe."

Alikuwa na miaka minane. Misuko ile ilikuwa na miezi mitano. Ilisukwa njiani, wakitoka Kivu ya Kusini, na kwa kuwa Mukarukundo, mama yake, hakuwa na uzi, alifumua mkono mmoja wa sweta yake ya bluu akasukia nyuzi zile. Siku Mariette alipoletwa kwangu mistari ilikuwa bado safi, saba, inaanza kwenye paji la uso na kugeukia nyuma ya sikio la kushoto. Sasa nywele mpya zilikuwa zimeota chini yake, misuko ikawa inaning'inia, na ngozi ilikuwa na vidonda kila fasi alipojikuna. Uzi wa bluu ulikuwa umefanana na majivu.

Nilisimama pale na beseni ya maharagwe kiunoni. Mukarukundo alikuwa amekufa. Alifia hospitalini Mbarara, miezi minne ilikuwa imepita. Mariette hakujua. Na mtu aliyemwambia kwamba mama yake anapona alikuwa mimi.

Niseme ilivyokuwa. Jina langu ni Uwamariya. Mwaka ule wa 2014 nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nakaa na mama yangu Nyirabizimana huku Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi, kwenye kiwanja chetu cha mahindi na maharagwe. Sikuwa na bwana wala mtoto. Masomo yangu yaliishia darasa la sita. Madamu Kembabazi, Mnyankore mwenyeji wa hapa anayefuatilia watoto waliobaki peke yao kambini, ndiye aliyeandika jina langu kati ya wale wanaoweza kukaa na mtoto kwa muda. Nilimuuliza kwa nini mimi, akajibu kwa Kiswahili chake cha Mbarara, kinachoita kila mwanamke nyabo na kila mwanamume ssebo: "Kwa bomba la maji, nyabo, watu wote wanasukuma. Wewe hausukumi. Unangoja."

Mariette alikuja na mama yake, mama akiwa tayari mgonjwa sana. Gari la hospitali likamchukua mama, na mtoto akaletwa kwetu kwa siku chache tu. Siku ya tisa madamu alifika kwa pikipiki, akanivuta nyuma ya nyumba, akaniambia mama amefariki.

"Alhamisi nitakuja tumwambie pamoja," akasema.

Nikamjibu kwamba sisi tuna namna yetu. Kwetu kifo hakimwagwi kama maji ya kuoshea vyombo. Kinapelekwa polepole: kwanza mtu anaumwa, halafu amezidiwa, halafu wazee wanakaa. Na kama ni mtoto, wazee wanangoja akue. Nikasema, "Mutuachie, madamu. Tutamwambia siye."

Akaniamini. Hakuwa amefika hata barabarani, Mariette akatokea na kuniuliza kama yule madamu alileta habari ya mama yake. Nilikuwa na ndizi mbivu mkononi. Nikampa ndizi, nikasema, "Anapona." Neno lilitoka lenyewe, kama vile lilikuwa limekaa tayari mdomoni tangu zamani.

Na kweli lilikuwa limekaa. Nilipokuwa na miaka tisa, wakati wa vita kule kwetu Kivu, waliniambia kwamba baba yangu Ezira amekwenda kutafuta ng'ombe wetu waliotawanyika. Kwa miaka minne nilikimbilia barabarani kila nilipoona mwanamume mrefu mwenye fimbo. Sasa mtu angefikiri kwamba mimi, kuliko wote, ningejua kusema tofauti. Sikujua.

Baada ya hapo kila wiki kulikuwa na swali, na kila swali lilitaka uongo mpya wa kushikilia ule wa kwanza. "Amekula?" Amekula. "Anatembea?" Kidogo. "Juu ya nini hatuendi kumuona?" Gari ni ghali. Mariette alikuwa mtoto mtulivu. Alichota maji, alijifunza Kiingereza cha shule haraka kuliko mimi, alimwita mama yangu koko, yaani bibi, na mimi akaniita tantine, yaani shangazi. Kitu kimoja tu hakukikubali: kitana.

Alhamisi ya juma lile la kikaratasi tulikuwa na mafunzo ya walezi kule Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye mabenchi chini ya turubai, na joto lilikuwa jingi. Madamu Kembabazi alisimama mbele na picha zake za kuchora. Alitazama saa, akatazama sisi, akasema leo tutazungumza namna ya kumwambia mtoto mambo mabaya.

"Madamu," akasema Gad, mwuza maharagwe mwenye vijana wawili wa kulea, "kwangu batoto njo banaambia miye mambo mabaya. Kila asubuyi!"

Tukacheka. Madamu naye akacheka, kisha akainua picha ya mtoto anayeangalia mlango.

"Huyu anauliza mama yake iko wapi. Mama amekufa. Mutasema nini?"

"Nitasema amesafiri," akajibu Georgette, jirani yangu.

"Amelala," akasema mwingine.

"Ha!" Gad akapiga goti. "Kisha usiku unamwambia ule mutoto alale. Atalala je? Miye singelala!"

"Ssebo Gad ameshika," madamu akasema. "Na ule mwenye uliambia amesafiri? Huyo atakaa kwa barabara. Kila gari, anasimama. Kila gari."

Niliangalia miguu yangu. Nilijua barabara ile, vumbi lake na saa zake zote.

Alisema mengine, na mengi sikuyasikia. Niliyoshika ni haya: umkalishe, useme neno lenyewe, fupi, amekufa, akiuliza na hujui, sema hujui. "Na musishangae akikukasirikia," akamaliza. "Hawezi kukasirikia kifo, hakioni. Wewe anakuona."

Watu walipotoka kwenda sokoni nilibaki napanga mabenchi yaliyokuwa tayari yamepangwa.

"Unataka kusema kitu," madamu akasema.

"Mariette hajui."

Hakuelewa upesi. Halafu akaelewa. Aliweka picha zake kwenye mfuko moja moja, na nilitamani anitukane.

"Mimi niliandika kwa fomu, 'ameambiwa'," akasema mwishoni.

"Ninajua. Nilikudanganya na weye. Mutamuondoa kwangu?"

"Nimpeleke wapi? Kwa mtu mwingine ambaye hamujui, ndiyo aambiwe huko?" Akafunga mfuko. "Nyabo, fomu nitaandika tena, kalamu iko. Shida si fomu. Mtoto huyu yuko na mtu mmoja anaamini. Ukisema ukweli, anaweza kukuacha kuamini. Usiposema, siku moja atasikia kwa mwingine, na hapo ataacha kabisa. Unaona? Njia zote mbili ziko na miiba. Moja tu inafika."

"Niseme miye mwenyewe?"

"Wewe ndiyo uliharibu, wewe ndiyo utatengeneza. Kesho nitakuja, nitakaa nje. Na akitaka kuona mahali, nitamwonyesha. Mimi nilikuwa kwa kuzika. Tulikuwa watu wanne."

Nilirudi Rubondo kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu wakati nilipomkuta mama yangu anachambua maharagwe kwenye ungo, na Mariette akiwa bombani. Nikamwambia mama kitu nitakachofanya kesho.

Hakusimamisha mikono. "Utamuua mutoto na neno."

"Atalisikia tu, mama. Georgette anajua. Nusu ya Rubondo banajua."

"Akue kwanza. Miye nilikuficha ya baba yako, ulikufa?" Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilikupa miaka ine ya kuwa na baba. Hakuna mutu mwengine angekupa ile."

Hatukuwa tumewahi kuyazungumza hayo. Miaka kumi na sita, na hatukuwahi.

"Nilikuwa ninakimbilia kila mwanaume mwenye fimbo," nikasema.

"Nilikuwa ninaona."

"Kisha nilijua kisimani, na ndoo kichwani, binti wa batu aliponitukana sina baba. Nikakuya nyumbani, na hakuna aliyelia. Nyiye mulikuwa mumekwisha kulia, mama. Miaka ine mbele yangu. Nilimulilia peke yangu, nyuma ya kichanja cha vyombo."

Mikono yake ikasimama. Aliangalia maharagwe kwa muda mrefu, kama vile yamebadilika rangi. Upande wa bomba tulianza kusikia watoto wanarudi wakigombana.

"Kesho utafute maziwa," akasema. "Asisikie ile neno na tumbo wazi. Na asisikie amesimama."

Asubuhi nilimngoja Mnyankore anayeuza maziwa kwa baiskeli, nikanunua nusu lita, nikaichemsha. Madamu alifika akakaa nje chini ya ukingo wa paa, akivuta ukucha wa kidole chake kama mtu anayengoja mgonjwa hospitalini. Mama yangu alikaa kitandani. Nilimkalisha Mariette juu ya mkeka karibu yangu. Alikunywa maziwa yote, akafurahi, akauliza kama ni sikukuu.

"Mariette," nikasema, "nilikuambia mama yako anapona. Haikuwa kweli. Mama yako alikufa. Alikuwa mugonjwa sana, baganga ba hospitali balijaribu, na akakufa."

Alijifuta mdomo kwa mkono.

"Lini?"

"Siku ya tisa tangu ukuye hapa."

Akafikiri. Nilimwona anarudi nyuma siku moja moja, mpaka akaifikia.

"Ile siku ulinipa ndizi."

"Ile siku."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa ninajua."

Aliweka kikombe chini vizuri, taratibu, ili kisianguke. Kisha akainuka, akanizunguka kama mtu anavyozunguka moto, akaenda kwa koko. Akalala uso chini kwenye mapaja yake, na hapo ndipo alipolia. Mama yangu akalia naye, kwa sauti, namna ambayo hakulia mimi nilipomhitaji. Nilibaki na kikombe. Sikuwaonea wivu. Nilijiambia: ngoja, wewe ni mtu wa kungoja.

Madamu aliongea na mwalimu mkuu, na Mariette akapewa wiki moja zaidi.

Kilichofuata sikukitegemea. Nilidhani atanitukana au atakataa chakula. Alikula, na alinisalimia asubuhi. Lakini aliacha kuniamini hata katika mambo madogo. Nikisema maji yako kwenye jerikeni, anakwenda, anaitikisa. Nikisema ugali umeiva, anafunua chungu. Nikisema nje kuna mvua, na mvua yenyewe inagonga bati, anatoa mkono mlangoni, anautazama umelowa, ndipo anavaa ndara. Siku moja Georgette aliuliza jina la mbuzi wetu. Nikamtajia. Mariette akamgeukia koko: "Ni kweli?"

"Ni kweli," koko akasema. "Ile mbuzi njo jina lake."

Georgette akacheka mpaka akashika ukuta. "Uwamariya, huyu ni polisi! Batakupeleka jela ya Isingiro!"

Nami nikacheka, kwa sababu lilikuwa la kucheka. Jioni nilipokuwa naosha vyombo nilihesabu ni mara ngapi nilikuwa nimemwambia "amekula", "anatembea kidogo". Ndipo nikaona kwamba mtoto hakuwa ananitesa. Alikuwa anapima kila tofali moja moja, ajue lipi la kweli na lipi la udongo mbichi, kabla hajaegemea ukuta tena. Kwa hiyo nilianza kumsaidia. Nilisema, "Maji iko, nenda uone." Nilisema, "Sijui," kila mara ambapo sikujua, na nikashangaa ni mara nyingi namna gani.

Siku ya tano aliniuliza, bila kuniangalia, "Walimuweka fasi gani?"

"Sijui. Madamu anajua. Unataka kuenda?"

"Weye pia utakuya?"

"Ukitaka."

Akafikiri sana. "Ukuye," akasema. "Lakini madamu njo atasema."

Tulikwenda Alhamisi kwa gari la ofisi. Dereva alikuwa Rugamba, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Mariette alikaa nyuma, katikati yangu na madamu, kitenge kimefungwa juu ya misuko yake. Safari yote nilikuwa nakatazwa kuwa shahidi. Nikimwambia hii ni Kabingo, anainama mbele kwa dereva: "Papa, ni Kabingo?"

"Ni Kabingo," Rugamba anajibu.

Nikimwambia tukipita Masha ataona ng'ombe wenye pembe ndefu kama wa kwetu, anauliza, "Papa, kuko ng'ombe?"

"Eh, ziko. Kwani mama hapa ni muongo?"

Madamu akaangalia dirishani.

"Alinidanganya mara moja," Mariette akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa mtoto wa haki, akaongeza, "Siyo moja. Mingi. Lakini ya kitu kimoja."

"Banange, jamani," Rugamba akasema, akarudisha macho barabarani.

Makaburi yale yako kwenye mteremko nje kidogo ya mji, na mikaratusi juu yake. Mengi hayana simiti. La Mukarukundo lilikuwa na kibao cha mbao chenye jina lake na tarehe, na majani yalikuwa yameanza kuota. Mariette alisoma jina kwa sauti, silabi kwa silabi. Akarudia. Kisha akaanza kuuliza, na hakumuuliza mwingine, madamu tu.

"Kichwa iko upande gani?"

"Huku, kwa kibao."

"Balimuvalisha nini?"

"Gauni ya hospitali, na shuka nyeupe. Na sweta yake juu, sababu ilikuwa kwa kitanda. Ile yenye mkono mmoja umeisha."

Mimi hilo sikulijua. Niliangalia pembeni, kwenye mikaratusi.

"Nani aliomba?"

"Mchungaji wa hospitali. Kwa Kinyankore. Mimi niliimba kidogo, lakini sijui kuimba."

Mariette aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea vitu vyake kimoja kimoja na kukuta vyote viko. Akafungua kitenge. Akakaa chini kwenye majani, mgongo kwangu, uso ukielekea kibao.

"Fumua," akasema.

Nilingoja, nijue anamwambia nani.

"Tantine. Fumua. Yeye aone."

Nilikuwa na kitana cha mti ndani ya mfuko wangu. Nilikuwa nakibeba kila siku kwa miezi minne. Nikapiga magoti nyuma yake. Nywele zilikuwa zimeshikana kama manyoya ya kondoo aliyenyeshewa, na uzi ulikuwa umezama ndani. Ilibidi kuutafuta kwa ncha, kuulegeza, kuurudisha njia uliyoingilia. Nikigusa kidonda, namwambia, "Hapa itauma," na inauma; nikisema, "Hapa haitauma," najitahidi isiume. Mstari wa kwanza ulichukua karibu nusu saa.

Rugamba alipiga honi mara moja. Akapanda mteremko, akasimama na funguo mkononi.

"Madamu, saa nane tuko na mkutano kwa ofisi."

"Mkutano utangoja."

"Kuna saluni nyingi hapa mjini! Dakika kumi na mashini, kwisha!"

Madamu Kembabazi hakumjibu. Alivua viatu vyake vya ofisi, akavipanga karibu na kibao, akakaa upande wa pili wa Mariette. "Mimi nilisuka dada zangu wote watano," akasema. "Nishike hii ya sikio?" Mariette akamtazama kwa jicho la pembeni, akamruhusu ile ya sikio. Rugamba alisimama kidogo, akaangalia juu, akaangalia chini, akaenda kununua chapati. Alirudi nazo nne.

Kila uzi ulipotoka, Mariette aliupokea kiganjani. Sehemu zilizokuwa ndani kabisa ya msuko, ambazo jua na vumbi havikuzifikia, zilikuwa bado bluu. Alizifungafunga kwenye vidole vyake. Mama yake alikuwa amesuka kwa kukaza sana, mkono wa mtu anayejua kwamba hatasuka tena karibuni, na kuna mafundo ambayo sikutaka kuyafungua. Niliyafungua. Nilikuwa na kazi moja tu duniani siku ile, nayo ilikuwa ndogo, na nilitaka kuifanya vizuri.

Tulipomaliza jua lilikuwa limevuka upande wa pili wa mikaratusi. Nywele zake zilisimama pande zote, nyingi, zimejikunja kunja fasi uzi ulipokaa. Nywele zilizotoka kwenye kitana nilizikusanya. Nilimuuliza nizifanye nini, kwa sababu kwetu nywele za mtoto zinawekwa na mama yake, hazitupwi hovyo, nami sikujua haki yangu inaishia wapi. Alichimba kwa kidole karibu na kibao, akaziweka pale, akafunika. Uzi hakuuzika. Aliukunja kama kifungo kikubwa, akautazama, akauweka mkononi mwangu.

"Bika," akasema, yaani niutunze. "Siyo yako. Unanibikia."

"Siyo yangu," nikasema. "Ninakubikia."

Niliufunga kwenye ncha ya kitenge changu, yeye akiangalia fundo.

Tukashika njia ya kurudi nyumbani. Madamu alisinzia mbele. Mariette alikaa nami tu nyuma, kichwa kimeegemea kiti, na alinuka jasho na mikaratusi. Alikuwa amesema Jumapili koko amnyoe kwa wembe, siyo mimi. Mimi mkono wangu ni mzito. Nikasema sawa.

Tulifika Masha. Asubuhi ng'ombe walikuwa karibu na barabara, na sasa hapakuwa na hata mmoja, majani tu na uzio wa miti ya minyaa. Mariette aliinua macho kidogo.

"Zilienda wapi?"

"Saa hii bamezipeleka kunywa maji," nikasema. "Kuko bwawa nyuma ya kile kilima. Haionekani toka huku, lakini iko. Njo fasi zinakuwa kila jioni."

Rugamba alikuwa amekwisha kuizoea kazi yake. Akaangalia kwenye kioo, akasafisha koo.

"Ni kweli," akasema. "Bwawa iko. Mama anasema kweli."

Mariette alifunga macho, akajisogeza kidogo upande wangu kutafuta fasi nzuri ya kuweka shingo.

"Papa," akasema, "sikukuuliza weye."